Kulanti ya kijani, nyekundu au maji tu? Gari lako la zamani linahitaji nini

Katika kipindi chetu cha jioni tulipokea ujumbe wa msikilizaji wetu mmoja wa Njombe, ukafuatiwa na mwingine, na mwingine, hadi muda wa hewani ukaisha tukiwa hatujafika hata nusu ya majibu. Yeye amenunua Subaru Impreza ya mwaka 1999, yenye tabo, kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam. Gari linakimbia na linapendeza, lakini alipofungua rejeta alikuta maji ya kahawia kama chai ya rangi. Fundi wa kwanza akamwambia aweke kulanti ya kijani. Wa pili akasema nyekundu ndiyo bora kwa kuwa hudumu zaidi. Wa tatu akamwambia asipoteze pesa, maji ya bomba yanatosha, mbona magari ya wazee wetu yalitumia maji miaka yote. Swali lake lilikuwa moja: nimsikilize nani?

Waliofuata hawakuwa na Subaru. Kulikuwa na mwenye Hilux ya kubebea viazi, mwenye Noah ya abiria, na mzee mwenye Land Rover ambayo amesema ina umri mkubwa kuliko wanawe. Swali lilikuwa lilelile, ndiyo maana tumeona tuliweke kwa maandishi.

Kwa wenye haraka, jibu ni kwamba wale wa kijani na nyekundu wametaja rangi, na rangi ya kulanti ni rangi tu. Kiwanda huitia ili ivujapo uione, na ili bidhaa yake itofautiane na nyingine. Hakuna kanuni ya dunia nzima inayosema kijani ni dawa hii na nyekundu ni dawa ile. Unachochagua ni dawa iliyomo ndani, na unaichagua kwa kuangalia injini na rejeta yako vimetengenezwa kwa madini gani. Fundi wa tatu naye tutamfikia, kwa sababu maji yana stori yake.

Kazi ya kulanti

Jina lenyewe linatupotosha. Wengi wetu tunadhani kulanti hupooza injini kuliko maji. Sivyo. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti. Ndiyo maana mtu anayemimina kulanti nzito bila maji, akidhani anaidekeza injini yake, gari lake linaweza kuchemsha mapema kuliko la jirani.

Kwa nini basi tuiweke? Sababu kubwa, hasa kwa hali ya hewa yetu, ni kuzuia madini yasilike. Ndani ya mfumo wa maji wa gari kuna chuma, kuna alumini, na kwenye magari ya zamani kuna shaba pamoja na lehemu yenye risasi. Vyote hivyo vinaogelea kwenye maji yaleyale ya moto. Madini mawili tofauti yakiunganishwa na kuzamishwa kwenye maji yenye chumvi, umeshatengeneza betri ndogo: umeme kidogo hupita, na madini moja huliwa taratibu ili jingine lisalimike. Kwenye injini, anayeliwa mara nyingi ni alumini. Chuma nacho hushika kutu, na kutu hiyo ndiyo rangi ya kahawia aliyoikuta msikilizaji wetu.

Hapo mtu anaweza kuuliza: lakini injini ya Subaru si ya alumini, kutu inatoka wapi? Ni kweli bloku na silinda hedi zake ni alumini. Lakini mabomba ya maji yanayopita juu na chini ya injini ni ya chuma, panga la pampu ya maji ni chuma, na tabo ina sehemu ya chuma inayopitisha maji. Maji ya kahawia kwenye gari kama hilo yanakwambia kwamba dawa ya kuzuia kutu iliisha zamani, au haikuwahi kuwekwa.

Sababu ya pili ni kuchemka. Hapa watu wa nyanda za juu wanapaswa kutega sikio zaidi ya watu wa pwani. Maji huchemka nyuzi 100 pale usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, huchemka mapema, takribani nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Njombe mjini, ambako ni karibu mita 1,900 juu ya bahari, maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na zaidi ya 90. Unaona nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani.

Kinachotuokoa ni kile kifuniko cha rejeta ambacho watu hukidharau. Kina springi inayozuia presha. Ukikiangalia juu utaona namba, 0.9 au 1.1, ambayo ndiyo presha kinayoishikilia. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima, maji yaleyale ya Njombe hayachemki hadi yafike karibu nyuzi 115. Changanya na kulanti nusu kwa nusu, unavuka 120. Kwa hiyo kifuniko kibovu, chenye mpira uliopasuka, kinakunyang'anya ulinzi mwingi kuliko kukosa kulanti. Tumeona watu wakinunua kulanti ya bei mbaya na kuifunika kwa kifuniko kilichofungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Hiyo ni pesa iliyotupwa, na anayepanda Mlima Kitonga akiwa na mzigo wa viazi atalijua hilo kabla ya kufika juu.

Sababu ya tatu ni baridi kali. Wa Morogoro na Kilombero wanaweza kuiruka. Wa Makete na Kitulo, ambao Juni na Julai huamka wakakuta majani meupe kwa jalidi, wasiiruke. Maji yakiganda hutanuka, na yanaweza kupasua rejeta, hata bloku. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda popote katika nchi yetu panapofika gari.

Kijani mbili, nyekundu mbili

Kulanti nyingi, iwe ya bei rahisi au ghali, msingi wake ni kimiminika kimoja kinachoitwa ethilini glaikoli. Hicho ndicho kinachozuia kuganda na kupandisha kiwango cha kuchemka. Tofauti ziko kwenye dawa za kuzuia kuliwa kwa madini ambazo huchanganywa kwa kiasi kidogo.

Ya kizamani hutumia silikati, pamoja na dawa nyingine za aina hiyo. Silikati hutandaza utando mwembamba juu ya madini, kama rangi juu ya bati. Inafanya kazi upesi, inalinda shaba na lehemu vizuri, lakini huisha upesi pia. Miaka 2 hivi na imechoka. Nyingi za aina hii zilikuwa za kijani Marekani, na za bluu Uingereza.

Ya pili hutumia asidi za kikaboni. Kwenye chupa utaona herufi OAT. Hii haitandazi utando kila mahali, hufanya kazi pale kutu inapotaka kuanzia, kwa hiyo hudumu, miaka 5 hivi. General Motors ya Marekani ilianza kuitumia kwenye magari yake miaka ya katikati ya 1990, nayo ikatiwa rangi ya chungwa. Volkswagen wakawa na yao nyekundu.

Ya tatu ni mseto, asidi za kikaboni zikichanganywa na kidogo cha zile za zamani. Na hapa ndipo Wajapani na Wazungu walipoachana njia. Viwanda vya Ulaya viliikimbia fosfati kwa sababu maji ya sehemu nyingi za Ulaya ni magumu, na fosfati ikikutana na maji magumu hutengeneza ukoko. Viwanda vya Japani vikaikimbia silikati kwa sababu waliona inakwaruza sili za pampu ya maji, wakabaki na fosfati. Kwa hiyo kulanti ya Kijapani kwa kawaida ina fosfati na haina silikati, na ya Ulaya mara nyingi ni kinyume chake.

Sasa rudi kwenye rangi. Subaru za miaka ya 1990 zilitoka kiwandani na kulanti ya kijani, lakini kijani ya Kijapani, yenye fosfati bila silikati. Chupa ya kijani iliyo dukani inaweza kuwa ile ya kizamani yenye silikati tele. Ni kijani mbili, lakini si kitu kimoja. Nyekundu ya Toyota ina fosfati. Nyekundu ya Volkswagen ya wakati huo haina. Fundi aliyesema kijani na aliyesema nyekundu wanaweza wote kuwa sahihi na wote kukosea, inategemea ni chupa ipi wameishika mkononi.

Gari la zamani lina uzamani wa aina gani?

Neno "gari la zamani" linabeba mengi. Chukua magari mawili ya mbio ambayo Afrika Mashariki inayakumbuka. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta wa Uganda aliyeishi Kenya. Injini yake ina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na rejeta za enzi hiyo zilikuwa za shaba zilizounganishwa kwa lehemu ya risasi. Kisha chukua Subaru Impreza, ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Hiyo ni ya alumini bloku na hedi, na Impreza za kawaida za barabarani za miaka hiyo zina rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki.

Zote leo ni magari ya zamani ya michezo. Lakini kwa upande wa kulanti ni kama ng'ombe na punda, zizi moja, chakula tofauti.

Kwenye rejeta ya shaba na lehemu, kulanti za OAT tupu hazishauriwi. Baadhi yake hazilindi lehemu ya risasi vizuri, na zinaweza pia kulainisha gasketi na sili za enzi zile. Vilabu vya wenye magari ya zamani Uingereza, watu wenye MGB na Jaguar za miaka ya 1960, huwaambia wanachama wao wabaki na kulanti ya kizamani yenye silikati na waibadilishe kila baada ya miaka 2. Ushauri huohuo unamfaa mzee wetu wa Land Rover, na mwenye trekta la zamani lenye rejeta ya shaba. Ukitaka kujua kama rejeta yako ni ya shaba, kwaruza kidogo rangi nyeusi ya tangi la juu kwa ncha ya kisu: shaba utaiona inang'aa kwa rangi yake. Ya alumini huwa nyeupe, na mara nyingi matangi yake ni plastiki nyeusi iliyobanwa kwa meno ya bati.

Mwenye Impreza, Noah, Probox, IST na karibu magari yote ya Japani ya kuanzia miaka ya 1990, atafute kulanti ya Kijapani. Kwenye chupa maneno ya kutafuta ni "silicate free", au alama JIS K 2234, ambayo ni kiwango cha Japani. Kama ni kijani, nyekundu au ya waridi, isikusumbue. Ukikuta ASTM D3306 nayo ni alama nzuri, ni kiwango cha Marekani kwa magari madogo, ingawa chenyewe hakikwambii kama silikati imo.

Malori makubwa na baadhi ya matrekta yana jambo jingine: silinda zake zimezungukwa na maji moja kwa moja, na mtikisiko wa dizeli hutoboa vishimo kwenye ukuta wa silinda. Hayo yana kulanti zake maalumu, na mwenye lori asitumie ya gari dogo. Tutalifanyia kipindi chake.

Maji nayo yana aina

Tumfikie sasa fundi wa tatu. Wazee walitumia maji, kweli. Injini nyingi za wakati ule zilikuwa na chuma kinene na rejeta za shaba zenye njia pana. Kutu ilikula miaka mingi kabla ya kufika popote. Alumini haina uvumilivu huo. Na hata wazee walikuwa wakipeleka rejeta kuzibuliwa kwa fimbo za chuma kila baada ya muda, hilo wasimulizi wanalisahau.

Maji yakiishiwa njiani, weka maji safi yoyote ufike nyumbani. Hilo halina ubishi. Tatizo ni kuyaacha humo miezi 6.

Hata anayenunua kulanti anaweza kuiharibu kwa maji. Kulanti huuzwa kwa namna mbili. Ipo nzito, imeandikwa "concentrate", ambayo lazima uichanganye na maji. Ipo iliyochanganywa tayari, imeandikwa "premixed" au "ready to use", ambayo huongezi kitu. Ukinunua nzito, swali ni unaichanganya na maji gani. Jipime hivi: kama sabuni haitoi povu vizuri kwa maji ya kisima chako, na kama birika lako lina ukoko mweupe ndani, hayo ni maji magumu. Wa Dodoma na Singida wanayafahamu vizuri. Ukiyachanganya na kulanti ya Kijapani yenye fosfati, unatengeneza ukoko uleule ndani ya injini. Ukoko hauruhusu joto kupita, na vijia vya rejeta ni vyembamba.

Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, baada ya mvua za kwanza kuosha bati, yanafaa. Yanafaa zaidi maji yaliyovukizwa, yale wanayouza kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri. Hapo uwe makini: uliza maji ya kuongezea, usipewe tindikali ya betri, maana wauzaji wengine huyaita yote "maji ya betri" na huyaweka rafu moja.

Kama bei inaruhusu, nunua iliyochanganywa tayari. Inaonekana ghali ukilinganisha chupa kwa chupa, lakini inakuondolea wasiwasi wa maji. Kiwango kizuri ni nusu kwa nusu. Chini ya theluthi moja ya kulanti, dawa ya kutu inakuwa hafifu mno. Kupita theluthi mbili, unapunguza uwezo wa kubeba joto bila faida.

Kuna kitu cha kuuzi zaidi, maji yaliyotiwa rangi na kuuzwa kama kulanti. Soma chupa. Kama hakuna neno "glycol" popote, hakuna kiwango kilichotajwa, hakuna kiwanda, iache. Njia ndogo ya kujaribu: dondosha matone machache juu ya kipande cha bati juani, mahali ambapo mtoto au kuku hafiki. Maji ya rangi yatakauka na kuacha doa. Yenye glaikoli itabaki na utelezi muda mrefu. Jaribio hili halikwambii kama dawa za kutu zimo, linakwambia tu kama umeuziwa maji.

Kubadilisha bila kuleta matatizo mapya

Ukiwa hujui aliyetangulia aliweka nini, usiongezee juu. Aina mbili zikichanganyika mara nyingi hakitokei kitu cha kuonekana siku hiyo, ila dawa hupunguziana nguvu, na michanganyiko mingine huganda kama uji na kuziba rejeta na hita. Toa yote.

Injini iwe ya baridi kabisa. Siyo vuguvugu. Kifuniko cha rejeta ya moto kikifunguliwa, maji yaliyokuwa yamebanwa na presha hulipuka kuwa mvuke usoni mwa aliyefungua, na majeraha yake ni ya kutisha. Fungua chini umwage kwenye beseni, funga, jaza maji safi, washa gari hita ikiwa wazi hadi lipate joto, zima, subiri lipoe, mwaga tena. Rudia hadi yatoke meupe. Kwenye gari lenye kutu nyingi inaweza kuchukua mara nne au tano. Usikimbilie dawa kali za kusafishia. Kwenye magari yaliyochoka, wakati mwingine kutu ndiyo iliyoziba tundu, na ukiiondoa rejeta huanza kuvuja kesho yake. Siyo dawa iliyolitoboa, tundu lilikuwepo.

Kwenye Impreza yenye tabo, kujaza kunahitaji subira. Injini imelala, na hewa hupenda kujificha. Juu ya injini kuna tangi dogo lenye kifuniko chake. Hapo ndipo pa kujazia kwa sababu ndipo juu zaidi. Kwenye rejeta, upande mmoja kwa juu, kuna kizibo kidogo cha kutolea hewa: kifungue, jaza polepole hadi maji yatokee hapo bila mapovu, kisha kifunge. Mfumo mzima huchukua takribani lita 7. Kwa hiyo ukinunua nzito, lita 3 na nusu zinatosha, maji nusu iliyobaki.

Wakati uko hapo, angalia kama themostati ipo. Mafundi wengi huitoa gari likichemsha, na kweli gari huacha kuchemsha kwa muda. Lakini injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, inachakaa zaidi, na sababu halisi ya kuchemsha imebaki palepale. Vivyo hivyo ute wa yai na pilipili manga ndani ya rejeta. Huziba tundu, ndiyo, na huziba na mengine ambayo hukutaka yazibwe.

Ikiwa baada ya kubadilisha bado unaona mapovu kwenye kopo la akiba gari likiunguruma, au oili ya injini imegeuka kama chai ya maziwa, tatizo limeshavuka kulanti. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na hakuna chupa yoyote itakayoiponya. Lipeleke kwa fundi kabla hedi haijapinda.

Chupa ya soda kwenye kibaraza

Hili tuliliahidi hewani, na tungeomba hata msiokuwa na gari mlisome.

Ethilini glaikoli ni sumu, na ina ladha tamu. Fikiria kulanti ya kijani au nyekundu, iliyobaki baada ya fundi kumaliza, ikamiminwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa kwenye kibaraza. Mtoto wa miaka miwili ataona soda. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vinaweza kumuua. Mbwa na mbuzi nao huilamba inapomwagwa chini, kwa sababu ya utamu huohuo.

Ubaya wake mwingine ni kwamba hudanganya. Mwanzoni aliyekunywa huonekana kama amelewa, anapepesuka, labda anatapika, kisha anaweza kuonekana amepata nafuu. Wakati huo mwili unaigeuza kuwa sumu nyingine zinazoharibu figo, na baada ya siku moja hadi tatu figo zinaweza kushindwa. Matibabu yapo, na hufanya kazi vizuri yakianza mapema, kabla ya dalili kubwa. Kwa hiyo mtoto akionekana amekunywa, hata kama ni kidogo, hata kama anacheza, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, mbebe na chupa yenyewe, na uwaambie ni kulanti ya gari. Usimlazimishe kutapika na usisubiri asubuhi.

Kulanti ibaki kwenye chupa yake yenye maandishi. Iliyotolewa kwenye gari ikae kwenye dumu lililofungwa na kuandikwa kwa rangi, isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima, na ukienda mjini uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu uulize kama wanaipokea. Beseni la kukingia wakati wa kumwaga lisirudi jikoni.

Kwa msikilizaji wetu wa Impreza: safisha hadi maji yawe meupe, badilisha kifuniko na themostati kwa kuwa ni vitu vidogo, nunua kulanti ya Kijapani isiyo na silikati, iliyochanganywa tayari kama utaipata. Wiki ya kwanza fungua kila asubuhi gari likiwa baridi, uangalie kiwango, maana hewa iliyojificha itatoka na maji yatashuka kidogo. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ya gundi na ukibandike ndani ya boneti, ili fundi atakayefuata asianze kubishana na mwenzake kuhusu rangi. Na wa Probox aliyeuliza kuhusu kelele ya feni, yako tutaijibu hewani Jumamosi.